Je, sura ya koloni kwenye sahani inatosha kumtambua bakteria?

Mwanagenzi aliuliza:

Salaam kwenu wana jukwaa. Ninaomba msaada wa wenye uzoefu wa kusoma sahani za kuoteshea bakteria. Nimo katika mafunzo ya maabara, na kwa wiki mbili sasa tumekuwa tukipewa sahani zilizokwisha kuota ili tueleze tunachokiona, kisha tuseme ni bakteria gani. Kueleza nimejifunza: nataja ukubwa wa koloni (kundi la bakteria lililoota pamoja hadi kuonekana kwa macho) kwa milimita, umbo lake, ukingo, mwinuko, uso wake kama unang'aa au umekauka, rangi, kama mwanga unapenya au haupenyi, na namna linavyovutika ninapoligusa kwa kitanzi. Tatizo huanza pale ninapotakiwa kuondoka kwenye maelezo na kufika kwenye jina. Majibu yangu matatu yamerudishwa, yote yakiwa na neno moja lililoandikwa pembeni kwa wino mwekundu: "Umejuaje?"

Sahani za kwanza zilitokana na sampuli ya mkojo. Kwenye agari (chakula kigumu cha kuoteshea bakteria) ya damu kulikuwa na utandu wa kijivu uliotambaa kwa mawimbi na kuifunika sahani nzima, mithili ya maji ya dimbwi yaliyotupiwa jiwe. Kwenye agari ya MacConkey sampuli ileile ilitoa makoloni ya waridi, bapa na makavu, nami nikaandika Escherichia coli.

Sampuli ya pili ilikuwa usaha wa kidonda. Makoloni yalikuwa na rangi ya dhahabu, yamezungukwa na eneo angavu kwenye agari ya damu, na agari ya manitoli yenye chumvi ilikuwa imegeuka kutoka nyekundu kuwa manjano. Niliandika Staphylococcus aureus, na kusema kweli hadi sasa sioni nilipokosea.

Sahani ya tatu ilikuwa ya mazoezi, na chanzo chake hatukuambiwa. Ilikuwa na makoloni madogo ya kijivu, kama milimita moja kila moja, yenye eneo jembamba mno la damu iliyovunjwa, ambalo sikuliona mpaka nilipoliondoa koloni lenyewe kwa kitanzi. Niliandika Streptococcus agalactiae. Nilipofanya jaribio la katalesi (kimeng'enya kinachotoa mapovu kwenye haidrojeni peroksaidi) nilipata mapovu, lakini niliyapuuza, kwa kuwa tumefundishwa kwamba damu iliyomo ndani ya agari yaweza kutoa mapovu yenyewe.

Ninachotaka kujua ni hiki: sura ya koloni ina uzito gani hasa katika kumtambua bakteria, na je, kuna utaratibu wa kutazama ambao ungenizuia kurukia jina kabla ya wakati wake?

MsomaSahani alijibu:

Ndugu Mwanagenzi, nitaijibu sahani ya mkojo pekee, kwa sababu ndiyo yenye funzo kubwa, na hizo nyingine naona wapo humu wenye kuzimudu kuliko mimi.

Jambo la kushika kwanza ni kwamba koloni halina sura yake lenyewe iliyo huru. Unachokiona ni matokeo ya bakteria pamoja na chakula alichopewa, joto aliloota nalo, hewa iliyomzunguka, saa alizokaa na nafasi aliyoipata baina ya wenzake. Makoloni yaliyosongamana huwa madogo kuliko yale yaliyojitenga, hata kama yote ni ya bakteria mmoja. Kwa hiyo kila agari ni kama hojaji yenye maswali machache yaliyopangwa mapema, na makosa mengi hutokea pale msomaji anapochukua jibu la swali moja na kulifanya jibu la swali ambalo agari haikuuliza.

Agari ya MacConkey inauliza mawili tu. La kwanza: je, unastahimili chumvi za nyongo na rangi ya kristali vayoleti? Bakteria wengi wa Gram-chanya (wanaobaki na zambarau wakipakwa rangi ya Gram, tofauti na wale wa Gram-hasi) hushindwa hapo, na ndiyo maana sahani huwa wazi hata sampuli inapokuwa nao wengi. La pili: je, unachachusha laktosi, yaani sukari ya maziwa? Anayechachusha hutoa tindikali, na kiashiria kilichomo, ambacho ni nyutro redi, hugeuka kuwa chekundu pH inaposhuka chini ya 6.8. Asiyechachusha hubaki na koloni lisilo na rangi, linaloazima rangi ya agari iliyo chini yake. E. coli akitoa tindikali nyingi huzigandisha hata zile chumvi za nyongo, ndipo unapoona ukungu wa waridi umelizunguka koloni. Klebsiella naye huchachusha laktosi, ila kwa sababu ya kapsuli yake nene (gamba la ute linalofunika seli) koloni lake huwa kubwa, lililovimba, lenye ute unaovutika kama uzi ukiugusa. Kwa hiyo uliposema "waridi, bapa na kavu" ulikuwa umeshapunguza orodha, na E. coli alistahili kuwa wa kwanza katika dhana zako. Mpaka hapo sina ugomvi nawe.

Ugomvi wangu ni kuhusu agari ya damu. E. coli hatambai kwa mawimbi. Mawimbi yale ni tabia ya Proteus, ambaye seli zake zikiwa juu ya agari hurefuka, huota mikia mingi ya kuogelea, husonga mbele kwa pamoja, husimama, kisha husonga tena. Kila kituo huacha pete yake, ndiyo hayo mawimbi uliyoyaona. Sahani moja ilikuambia Proteus, nyingine ikakuambia E. coli, nawe ukachagua uliyoipenda na kuiacha nyingine bila kuieleza. Chumvi za nyongo humzuia Proteus asitambae, kwa hiyo kwenye MacConkey hutulia ndani ya koloni lake, na kwa kuwa hachachushi laktosi, koloni hilo halina rangi. Iinue sahani ile kwenye mwanga, uitazame kwa ulalo, na bila shaka utayakuta makoloni yasiyo na rangi yamejificha katikati ya yale ya waridi. Jicho la binadamu huvutwa na rangi. Lisilo na rangi hulihesabu kuwa halipo.

Sasa cha kufanya. Chukua koloni moja la waridi lililojitenga na moja lisilo na rangi, uyachore upya kila moja kwenye sahani yake, na usifanye jaribio lolote mpaka uhakikishe kila sahani ina aina moja tu. Ukianza na sahani iliyochanganyika, indoli (kemikali inayotokana na kuvunjwa kwa triptofani) itatoka kwa mmoja na yuriesi (kimeng'enya kinachovunja yurea) kwa mwingine, nawe utajikuta umeandika maelezo ya bakteria ambaye hayupo duniani. E. coli huwa chanya kwa indoli na hasi kwa yuriesi. Proteus mirabilis ni kinyume chake, hasi kwa indoli na chanya kwa yuriesi kwa haraka. Ukitaka kupima oksidesi (kimeng'enya kingine cha utambuzi), usichukue koloni la MacConkey, maana tindikali na rangi zake huharibu majibu. Chukua la agari ya kawaida.

Halafu kuna suala la idadi, ambalo kwa mkojo halitenganishwi na utambuzi. Ikiwa ulitumia kitanzi cha mikrolita 1, kila koloni moja linawakilisha bakteria 1,000 kwa kila mililita ya mkojo. Hesabu kila aina peke yake, na uifanye hesabu hiyo kwenye MacConkey au kwenye agari ya CLED, ambayo ina chumvi kidogo sana na kwa hiyo nayo humtuliza Proteus. Kwenye agari ya damu iliyofunikwa na utandu hakuna cha kuhesabu.

Hadubini75 alijibu:

Kuhusu usaha: jina uliloandika huenda ni sahihi kabisa. Mwalimu wako hajasema si sahihi, ameuliza umejuaje.

Tazama ushahidi wako mmojammoja. Rangi ya dhahabu ndiyo iliyompa bakteria huyu jina mwaka 1884, Rosenbach alipowagawa stafilokokasi kwa rangi ya makoloni yao, wa dhahabu akamwita aureus na wa weupe akamwita albus. Lakini aina nyingi za S. aureus baada ya saa 24 huwa na weupe wa krimu tu, na rangi hukolea baadaye, hasa sahani ikiachwa kwenye joto la chumba. Kwa hiyo dhahabu ikionekana inasaidia, na isipoonekana haikanushi chochote. Eneo angavu nalo hutofautiana kati ya aina na aina, na wapo stafilokokasi wengine wanaovunja damu.

Agari ya manitoli ina chumvi ya kawaida asilimia 7.5, kiasi ambacho bakteria wengi hawakiwezi ila stafilokokasi hukistahimili. Umanjano maana yake manitoli imechachushwa, basi. S. epidermidis kwa kawaida huiacha sahani nyekundu, lakini S. saprophyticus anaweza kuigeuza manjano, na hata baadhi ya enterokokasi huota humo kwa makoloni madogo na kufanya hivyohivyo. Kilichokosekana kwenye karatasi yako ni mambo matatu ambayo kwa pamoja hayachukui dakika kumi za kazi ya mikono: rangi ya Gram, katalesi na koagulesi (kimeng'enya kinachogandisha plazma ya damu).

Tahadhari moja ambayo huwaponza wengi: jaribio la koagulesi la kwenye slaidi lisifanywe kwa koloni lililotoka kwenye agari ya manitoli. Chumvi ile nyingi huwafanya bakteria washikamane wenyewe, nawe ukadhani plazma ndiyo iliyowashikamanisha. Chukua koloni la agari ya damu. Ukitumia jaribio la bomba, litazame baada ya saa 4, usingoje kesho yake tu, kwa sababu baadhi ya aina za S. aureus hutoa kimeng'enya kinachoyeyusha bonge walilolitengeneza wenyewe, na asubuhi utakuta maji matupu. Ukiona slaidi ni chanya lakini bomba ni hasi hata baada ya saa 24, mkumbuke S. lugdunensis, ambaye ndivyo alivyo na ambaye katika vidonda si mgeni wa kudharauliwa.

KitanziMoto alijibu:

Sahani ya tatu ndiyo iliyonifanya niingie humu kuandika. Ndugu Mwanagenzi, uliona ushahidi muhimu kuliko yote kwa macho yako mwenyewe, halafu ukautafutia udhuru.

Ni kweli kwamba seli nyekundu za damu zina katalesi, na ni kweli kwamba ukichota koloni pamoja na agari utapata mapovu ya uongo. Lakini jambo hilo ni sababu ya kurudia jaribio kwa njia iliyo safi. Halikupi ruhusa ya kuchagua jibu unalolipendelea. Streptokokasi wote ni hasi kwa katalesi. Kama mapovu yale yalikuwa ya koloni lenyewe, basi jina uliloandika limeanguka lote.

Njia safi ni hii. Tumia kijiti cha mbao au cha plastiki, kwa kuwa kitanzi cha waya wa nikromu chenyewe huweza kutoa mapovu kwenye haidrojeni peroksaidi. Gusa kilele cha koloni, usikwangue mpaka chini. Paka kwenye slaidi kavu, kisha dondoshea tone la haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 juu yake, ukiwa umeifunika slaidi kwa kifuniko cha sahani ili matone yasikurukie. Mapovu ya kweli hutoka papo hapo na kwa wingi. Yale ya damu huwa machache na huja kwa kusitasita. Ukibaki na shaka, otesha upya kwenye agari ya kawaida isiyo na damu, urudie kesho yake. Muda wote huo fanya rangi ya Gram, ambayo kwa maoni yangu ingetangulia kabla hujafikiria jina lolote.

Nasema hivi kwa sababu maelezo yako, yaani koloni dogo la kijivu, eneo jembamba linaloonekana vizuri tu koloni likiondolewa, na katalesi yenye mapovu, yanamwelekea Listeria monocytogenes. Kwa macho matupu kwenye agari ya damu yeye na S. agalactiae hufanana kiasi cha kuwapotosha hata waliozoea. Hata jaribio la CAMP, lililoelezwa mwaka 1944 na ambalo wengi hulitegemea kumthibitisha S. agalactiae, Listeria naye huweza kulijibu: wote wawili huongeza uvunjaji wa damu karibu na mstari wa S. aureus, ingawa kwa S. agalactiae umbo hilo huwa kama kichwa cha mshale. Kwenye rangi ya Gram nako kuna mtego, kwa sababu vijiti vya Listeria ni vifupi na wakati mwingine hulala viwiliviwili kama viduara, na vikizeeka huweza kupoteza rangi. Tumia koloni changa, na tafuta sehemu ya slaidi ambapo seli hazijarundikana.

Vinavyowatenganisha ni katalesi, umbo la fimbo, eskulini ambayo Listeria huivunja na kuifanya agari iwe nyeusi ilhali S. agalactiae haivunji, na mwendo. Huo mwendo ni wa kupendeza kuutazama: choma agari nusu-ngumu kwa sindano, iache kwenye nyuzi 20 hadi 25, na baada ya siku moja au mbili utaona ukuaji umepanuka chini kidogo ya uso wa agari kama mwavuli uliofunguliwa. Ukiiweka kwenye nyuzi 37 huenda usione kitu, kwa sababu katika joto hilo bakteria huyu huacha kutengeneza mikia yake.

Msidhani huu ni ubishi wa majina. Wote wawili huleta homa ya uti wa mgongo kwa watoto wachanga, na wote huweza kutoka kwenye sampuli ileile ya damu au ya maji ya uti wa mgongo. Ila Listeria kwa asili yake hasikii sefalosporini, dawa ambazo S. agalactiae huzisikia vizuri, na tiba yake hutegemea ampisilini. Karatasi ya maabara ikisema streptokokasi kwa kuwa koloni lilifanana nao, daktari anaweza kuchagua dawa ambayo haitamgusa bakteria aliyepo.

Sahani_Tupu alijibu:

Kwa heshima zote, naona mnamchosha mwanafunzi kwa ufundi unaopitwa na wakati. Maabara kubwa sasa zina spektrometa za masi za MALDI-TOF. Unapaka koloni kwenye kibao, na baada ya dakika chache mashine inakupa jina. Ya nini kubishana kuhusu waridi, dhahabu na kijivu?

MsomaSahani alijibu:

Ndugu Sahani_Tupu, mashine hiyo naitumia na naipenda. Lakini nani anachagua koloni la kupaka? Kwenye sahani ya mkojo ya Mwanagenzi, aliyeona waridi peke yake angepaka waridi peke yake, mashine ingejibu E. coli kwa alama za juu, na Proteus angebaki sahanini bila kuulizwa. Mashine hujibu kuhusu kile ulichokiweka kwenye kibao.

Vilevile ina mahali inapojikwaa, na hapo macho na majaribio ya zamani ndiyo yanayoiokoa. E. coli na Shigella wana undugu wa karibu mno, hivyo mashine haiwatenganishi kwa kuaminika. Lakini mwenye macho anajua kwamba kwenye MacConkey Shigella baada ya saa 24 huwa hana rangi, na kwenye agari ya XLD hutoa makoloni mekundu yasiyo na kitovu cheusi, wakati E. coli huigeuza manjano. Streptococcus pneumoniae na jamaa zake wa kundi la mitis nao huichanganya mashine. Huyo wa kwanza, akiwa kwenye agari ya damu, hutoa ukijani wa hemolisisi ya alfa, yaani damu iliyovunjwa nusunusu, na koloni lake linapozeeka katikati yake hubonyea, kwa sababu seli zake hujiyeyusha zenyewe; halafu diski ya optokini (kemikali inayomzuia asiote) inamaliza mjadala mara nyingi.

Nakubaliana nawe katika jambo moja: wanaofundisha sura ya koloni kama picha za kukariri wanawapotosha wanafunzi. Niliwahi kuachwa na aibu kwa sababu hiyo. Tulikuwa na bakteria wa Gram-hasi ambaye kwenye nyuzi 37 alitoa makoloni meupe ya kawaida kabisa, tukaanza kumtafutia jina bila mafanikio. Sahani ilisahaulika juu ya meza mwisho wa juma, na siku ya kurudi kazini ilikuwa nyekundu kama imemwagiwa damu. Alikuwa Serratia marcescens, ambaye hutengeneza rangi yake nyekundu kwenye joto la chumba na huiacha kwenye joto la mwili. Tangu siku hiyo siandiki "jeupe" bila kuandika pembeni joto na saa. Na angeotea kwenye MacConkey akiwa na ule wekundu wake, mtu angeweza kudhani amechachusha laktosi, kumbe wekundu ni wa kwake mwenyewe.

Mabadiliko ya aina hii si kasoro ya ufundi. Mwaka 1928 Griffith alionyesha kwamba nimonia-kokasi wenye makoloni laini yanayong'aa waliwaua panya, na wale wenye makoloni ya kukwaruza hawakuwaua. Tofauti ya sura ilikuwa tofauti ya kapsuli, na kapsuli ndiyo iliyobeba ukali wa ugonjwa. Koloni lilikuwa linasema jambo la kweli, ila si jina la spishi.

Na kabla sijasahau, Mwanagenzi: katika vitabu utasoma kwamba Pseudomonas aeruginosa ananukia kama zabibu, pamoja na ule ukijani-samawati wake kwenye agari. Ni kweli, na harufu hiyo mara nyingine hukufikia bila kuitafuta. Lakini usifungue kifuniko ukanusa. Sahani yenye makoloni madogo, angavu, yaliyochelewa kuonekana hadi siku ya pili au ya tatu yaweza kuwa Brucella, na wafanyakazi wa maabara wameambukizwa naye kwa kuvuta hewa tu. Koloni la kijivu, lenye uso wa kukwaruza na ukingo uliosokotana kama nywele, ambalo halivunji damu, lifunike na umwite msimamizi, kwa kuwa Bacillus anthracis ana sura hiyo, tofauti na B. cereus ambaye kwa kawaida huvunja damu waziwazi. Hapa sura ya koloni ina kazi ambayo hakuna mashine inayoifanya: inakuambia usimamishe mkono kabla hujaligusa.

Mwanagenzi alijibu:

Nawashukuru nyote, na nimerudi na majibu baada ya siku nne.

Sahani ya mkojo: niliinua MacConkey kwenye mwanga kama nilivyoelekezwa na nikayakuta makoloni yasiyo na rangi, tena si machache, yalikuwa karibu theluthi ya makoloni yote. Baada ya kuyachora upya, lile la waridi lilikuwa chanya kwa indoli na hasi kwa yuriesi, na lile lisilo na rangi lilitambaa kwenye agari ya damu usiku uleule, likawa chanya kwa yuriesi na hasi kwa indoli. Nimeandika aina mbili, kila moja na hesabu yake.

Usaha: viduara vya Gram-chanya katika vichala, katalesi chanya, na koagulesi ya bomba ilikuwa imeganda kabla ya saa 4 kutimia. Jina limebaki lilelile, ila karatasi imekuwa ndefu zaidi.

Sahani ya tatu: nilirudia katalesi kwa kijiti cha mbao kutoka kwenye agari isiyo na damu, na mapovu yalitoka kabla sijauondoa mkono. Rangi ya Gram ilinisumbua. Kwenye sehemu nene niliona kama viduara viwiliviwili, na laiti ningeishia hapo ningerudi kulekule nilikotoka. Kwenye sehemu nyembamba vilikuwa vijiti vifupi bila shaka yoyote. Eskulini ilikuwa nyeusi asubuhi iliyofuata, na mwavuli umeonekana leo kwenye bomba lililokuwa mezani, huku lile la kwenye nyuzi 37 likiwa na mstari mwembamba tu wa sindano. Nimeandika Listeria monocytogenes kama dhana yenye nguvu, kwa kuwa sijafanya majaribio ya sukari ya kumtenganisha na ndugu zake.

Nina swali moja limebaki. Sahani ya MacConkey niliyoiacha kwenye inkubeta hadi saa 48 ina makoloni ambayo jana hayakuwa na rangi na leo yana waridi hafifu, na mengine ambayo jana yalikuwa ya waridi iliyokolea leo yamefifia. Je, nisome ya jana au ya leo?

KitanziMoto alijibu:

Soma ya saa 18 hadi 24, na uandike ya saa 48 kama jambo la ziada lenye saa yake pembeni. Yaliyofifia yamemaliza laktosi iliyokuwa karibu nao na sasa yanakula peptoni, kazi inayopandisha pH na kuirudisha rangi nyuma. Yaliyochelewa kuwa ya waridi yanachachusha laktosi polepole, tabia anayojulikana nayo Shigella sonnei, ingawa si yeye peke yake. Kwa mkojo huna haja ya kumwogopa sana, lakini sampuli ikiwa ya choo usiitupe sahani hiyo kabla hujachukua koloni lililochelewa na kulichora upya kwenye agari ya kawaida.

Kuhusu lile la tatu: majaribio utakayoyahitaji ni ramnosi na zailosi. L. monocytogenes huchachusha ramnosi na haichachushi zailosi.